Shahidi wa Usiku wa Ijumaa

Inspekta Loise Musyoka aliingia vichochoro vya Kuze, Mombasa, siku ya Jumatano, jua likiwa limebakisha kidogo lizame, faili kwapani na uhakika kifuani. Faili lilikuwa jembamba. Uhakika ndio ulionona. Kesho yake saa tatu asubuhi Sidi Thoya angesimama mbele ya hakimu kujibu shtaka la kughushi wosia wa Jeremy Oloo, mzee aliyekaa naye miaka kumi na moja katika nyumba ya vyumba viwili huko Ganjoni. Akipatikana na hatia, jela. Asipopatikana na hatia lakini wosia ukatupwa, basi barabarani, kwa maana hakuwa na cheti cha ndoa wala karatasi nyingine yoyote yenye jina lake na la mzee pamoja. Wosia ule wa ukurasa mmoja ndio uliokuwa ngao yake, na Loise ndiye aliyeutoboa.

Aliutoboa kwa maneno ya shahidi mmoja, Mzee Fahmi, karani mstaafu wa bandarini, rafiki wa marehemu tangu enzi ambazo Oloo alikuwa dereva wa kreni. Wosia uliandikwa tarehe ya Alhamisi, mbili Julai. Oloo alifariki hospitalini Ijumaa, tarehe tatu, baada ya alasiri. Na Mzee Fahmi, ambaye sahihi yake ilikuwa chini ya wosia, alieleza kwa kinywa chake kwamba waliutia sahihi usiku wa Ijumaa. Maiti hatii sahihi. Hapo kesi ilikuwa imekwisha hata kabla haijaanza, na Loise akamkamata Sidi siku iliyofuata, mlangoni kwake, majirani wakiangalia kutoka kwenye ngazi.

Leo alitaka sahihi moja tu ya mzee kwenye karatasi ya nyongeza. Kazi ya dakika kumi.

Mzee Fahmi alikuwa barazani kwake akishona kofia, miwani imeshuka hadi nchani mwa pua. Hakuinua kichwa.

"Masalkheri, mzee."

"Masalkheri. Leo ndipo uyapo?"

"Si tuliagana leo? Jumatatu uliniambia nije usiku wa Jumatano, baada ya magharibi. Nimewahi kidogo tu."

"Umewahi?" Mzee alichomeka sindano kwenye kofia, akaivua miwani. "Mwanangu, usiku wa Jumatano ulikuwa jana. Nalikungoja papa hapa. Mke wangu akapika na mkate wa sinia, tukautizama mpaka ukapoa. Polisi hakuya. Nikasema labda ameshikwa na kazi."

Moyo wa Loise ulishtuka, lakini kwa jambo lisilo lenyewe. Alidhani mzee ameanza kusahau. Shahidi wa miaka sabini na mitano anayepotewa na siku nzima, wakili wa utetezi angemtafuna bila chumvi. Aliketi kando yake, akaanza kumpima taratibu, namna mtu anavyobonyeza embe sokoni.

"Mzee, leo ni siku gani?"

"Jumatano. Tarehe kumi na tano."

"Na usiku huu unaoingia?"

"Usiku wa Alhamisi."

"Na kesho, Alhamisi, jua likizama?"

"Usiku wa Ijumaa. Kwani waniuliza kama mtoto wa chuo cha Kurani?"

Loise alihesabu siku kwa vidole, akaanza upya. Kichochoroni alipita mwanamke mwenye sinia ya mahamri, akasalimu, akajibiwa na mzee peke yake.

"Rudia, mzee. Kesho ni Alhamisi. Usiku wake ni wa Ijumaa?"

"Siku yetu yaanza yua likitua. Usiku watangulia, mchana wafuata. Ndivyo tulivyowakuta wazee wetu. Nyinyi bara vipi?"

"Kwetu mchana hutangulia. Usiku ndio hufuata."

"Basi kwenu usiku ni mkia," alisema mzee, akacheka kidogo. "Kwetu ni kitwa."

Yeye Loise hakucheka. Alikuwa na miaka minane Mombasa. Alikuwa na alama ya juu kabisa ya Kiswahili kutoka shule ya bweni ya Machakos, na kituoni ndiye aliyesahihisha taarifa za makonstebo kwa kalamu nyekundu. Alifungua faili, akatoa maelezo ya mzee ya tarehe tisa. Alikuwa ameyaandika kwa Kiingereza kama kawaida ya ofisi, akamsomea mzee kwa kasi, mzee akatia sahihi kwa herufi za Kiarabu kwa sababu alimwamini.

"Nisomee tena," alisema mzee, sasa hana kicheko. "Kwa Kiswahili. Polepole."

"'Tulitia sahihi Ijumaa usiku, baada ya magharibi.'"

"Sikunena hivyo. Nalinena usiku wa Ijumaa."

Maneno yalikuwa yale yale mawili, yamegeuzwa tu. Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko ulimi, lakini ulimi huu haukuwa wa Mzee Fahmi. Loise alihisi joto likimpanda kutoka shingoni hadi masikioni. Akajikaza kiaskari, akageuza ukurasa mpya wa daftari.

"Mzee, nieleze tena mambo ya siku ile. Lakini usitaje siku yoyote kwa jina. Nieleze yaliyotangulia na yaliyofuata."

Mzee aliiweka kofia pajani. Kisha akaeleza.

"Jeremy alikuya kwa tuktuk na jirani yake Chirau, yule afanyaye kazi kwenye tishari la bandarini. Mguu ulikuwa umemvimba. Mimi miaka na miaka namwambia, bwana, andika wasia. Yeye husema namtia uchuro. 'Fahmi, wataka kunizika?' Namwambia sisi tumefunzwa mtu mwenye la kuusia asilale nyusiku mbili hajaliandika. Hucheka, akabadili maneno."

"Safari hii nini kilimbadilisha?"

"Alikuwa amemtuma Sidi hospitali akamchukulie majibu ya vipimo. Akaulizwa dirishani, wewe ni nani wake? Mke? Lete cheti. Dada? Majina hayafanani. Akarudi mikono mitupu, hakulalamika. Jeremy akaya hapa amefedheheka, mato mekundu. Akaniambia, 'Fahmi, nimekaa na mtu miaka kumi na moja, hata jina sijampa. Nikifa leo, mwanangu Ken akisema huyu alikuwa mtumishi, nani atambishia?' Nikamwambia, kalamu hii hapa."

"Mkatia sahihi wangapi?"

"Yeye mbele, kisha mimi, kisha Chirau. Sote tumekaa pamoja, twaonana. Sidi hakuwapo. Ken hakuwapo. Nalisisitiza hilo, kwa maana apewaye kitu hafai kuwa shahidi. Tulipokwisha, muadhini akaadhini isha."

"Asubuhi yake?"

"Asubuhi yake nalioga, nikavaa kanzu, nikaenda msikiti kwa sala ya adhuhuri, ile ya hutuba. Niliporudi ndio nikapigiwa simu, Jeremy kazidiwa. Baada ya alasiri ikaya ya pili."

Sala ya hutuba ilikuwa Ijumaa. Asubuhi yake Ijumaa. Basi kalamu ilishikwa Alhamisi jioni, na Jeremy Oloo alikuwa hai, ameketi juu ya baraza hili, mguu umemvimba, akimwandikia mke wake jina.

"Sidi yuko wapi?" aliuliza mzee. "Nalisikia mumemzuia, nikadhani ni ugomvi wake na Ken."

"Yuko kizuizini tangu Ijumaa iliyopita. Shtaka ni kwamba wosia uliandikwa Jeremy ameshakufa."

"Nani alosema hivyo?"

Loise angeweza kusema ushahidi, au upelelezi, au serikali. Maneno hayo yote yapo na mshahara wake huja nayo. "Mimi," alisema. "Niliandika kwamba umesema wewe."

Mzee Fahmi aliikunja kofia ambayo bado haikuwa tayari, akaikunja tena. "Umenitia kinywani neno nisilolinena, likamfunga mjane wa rafiki yangu. Na maziko?"

"Jumamosi. Ken alimpeleka kwao Ugenya."

"Sidi hakwenda?"

"Alikuwa ndani."

Mzee hakumtukana. Ingalikuwa nafuu angalimtukana. Alisimama, akashika goti, akaufungua mlango na kumwashiria aingie. "Ndoo ndani, kuna taa. Andika upya. Mara hii andika kwa Kiswahili, na nisome mwenyewe kabla sijatia mkono."

*

Ofisini alimkuta Konstebo Kadenge akifunga madirisha. Kadenge ndiye aliyekuwa naye Kuze siku ya maelezo ya kwanza. Mzaliwa wa Rabai, mtu mpole, asiyeongea sana mbele ya wakubwa.

"Kadenge, mtu wa hapa akikwambia usiku wa Ijumaa, wewe unaelewa nini?"

"Alhamisi jua likishazama, afande."

"Ulikuwepo aliposema. Mbona hukuniambia?"

Kadenge alitazama komeo la dirisha. "Nilidhani unajua. Halafu siku ile ulikuwa umenikosoa mbele ya mzee. Nilisema 'nalikuwa', ukaniambia Kiswahili sanifu ni 'nilikuwa'. Nikaona ninyamaze."

Hilo nalo lilikuwa kweli. Loise alilikumbuka, hata alikumbuka kwamba alilisema akitabasamu. Alimwomba radhi Kadenge kwa sauti ya chini, Kadenge akasema haidhuru afande, na wote wawili walijua kwamba inadhuru.

Walitandaza faili mezani. Loise alikuwa ameijenga kesi yake kwa misumari mitatu, akaamua kuing'oa mmoja mmoja.

Wa kwanza ulikuwa neno la Fahmi. Huo umeshatoka.

Wa pili ulikuwa Chirau. Orodha ya mabaharia ilionyesha kwamba tishari lake liliondoka Mombasa Ijumaa alfajiri kwenda Tanga. Loise alikuwa ameandika pembeni: hakuwepo usiku huo, sahihi yake ni bandia. Sasa aliitazama orodha ile ile na ikamtazama. Kama Chirau alikuwa baharini tangu Ijumaa alfajiri na sahihi yake imo, basi sahihi ilitiwa kabla. Karatasi aliyoitumia kumzika Sidi ndiyo iliyomtetea.

"Mtaalamu wa maandishi alisemaje kuhusu sahihi ya Chirau?" aliuliza Kadenge, ingawa jibu lilikuwa mbele yake.

"Kwamba inaelekea ni ya Chirau mwenyewe."

"Na hapa kwa kalamu nyekundu?"

"Niliandika 'ameiga vizuri'. Usinisomee, Kadenge."

"Chirau tulimpigia simu?"

Hawakumpigia. Orodha ilikuwa imemtosha. Loise alipiga sasa, na katika mlio wa tatu tu sauti ikaitika kutoka Tanga, nyuma yake kelele za mtambo.

"Ndiyo, mimi Chirau. Mzee Oloo? Nilisikia, Mungu amrehemu. Sahihi? Niliitia Kuze kwa Mzee Fahmi, Alhamisi jioni. Saa tisa ya usiku nikapanda kazini, alfajiri tukatoka. Kwani kuna nini? Mama Sidi yu hali gani?"

Loise alimjibu kwamba Mama Sidi yuko salama. Ilikuwa mara ya pili jioni hiyo uso wake kumwaka moto. Simu moja, ya dakika mbili. Siku sita hakuipiga.

Msumari wa tatu ulikuwa Ken, mtoto pekee wa marehemu. Yeye ndiye aliyeleta malalamiko, amevaa suti nyeusi ya msiba, macho yamevimba. Alisema baba yake alichukia hata kulisikia neno wosia, aliliita uchuro, na kwamba asingeandika kamwe. Sehemu ya kwanza ilikuwa kweli. Loise alichukua orodha ya simu za marehemu, aliyoiomba kwa kampuni ya simu na kuitazama mara moja tu ili aone siku ya Ijumaa. Sasa akashuka na kidole kwenye Alhamisi. Saa tatu na dakika ishirini usiku, Jeremy Oloo alimpigia mwanawe. Waliongea dakika kumi na moja.

"Dakika kumi na moja ni nyingi," alisema Kadenge.

"Kwa mtu aliyetoka tu kutia sahihi wosia, ni nyingi mno."

*

Kizingo, mtaa wa wenye nazo, saa kumi na mbili na nusu asubuhi ni kimya, kuna majani na walinzi tu. Ken Oloo alikuwa anafungua mlango wa gari lake Loise aliposimama mbele yake, Kadenge nyuma.

"Inspekta. Si tunaonana kortini?"

"Tutaonana. Swali moja kwanza. Alhamisi, tarehe mbili, saa tatu na dakika ishirini usiku, baba yako alikupigia. Mliongea nini?"

"Mambo ya nyumbani."

"Hukuniambia kwamba mliongea."

"Hukuniuliza."

Lilimchoma, akalimeza. "Nakuuliza sasa. Nimeshaongea na Chirau na Mzee Fahmi. Wosia ulitiwa sahihi Alhamisi, kabla tu ya simu hiyo. Ukiongopa sasa hivi, unaongopa juu ya jambo ninalolijua."

Ken aliufunga mlango wa gari taratibu.

"Alinisomea," alisema.

"Wosia wote?"

"Wote. Aya nne. Akaniuliza kama nina neno."

"Ukamjibu?"

"Nilimkatia simu." Alipangusa mdomo kwa kiganja. "Asubuhi nikawa na mikutano. Mchana nikasema nitampigia jioni."

Loise alimpa nafasi, si kwa huruma. Ni namna tu ya kazi, mtu aliyeanza kushuka ngazi humsukumi.

"Kwa hiyo ulitaka nyumba ya Ganjoni."

"Nyumba?" Ken aliitazama nyumba kubwa nyuma yake. "Nyumba achukue. Hata ya pili ningempa. Ni kaburi, Inspekta. Ameandika azikwe Mbaraki. Mjaluo, mzaliwa wa kwanza wa baba yake, azikwe Mombasa kama mtu asiye na kwao! Babu zangu wako pale nyumbani, mama yangu yuko pale. Ningewatazamaje watu wa Ugenya? Wangesema Ken alikosa nauli ya kumleta baba yake."

"Na Sidi angeushikilia ule wosia."

"Hata ningeuchana, mashahidi wangemwambia, naye angekwenda mahakamani kusimamisha maziko. Nimeona wajane wakifanya hivyo, maiti hukaa miezi. Nilitaka Jumamosi ipite. Jumamosi tu. Jumatatu nilikuja ofisini kwako kuondoa malalamiko, ukanikatalia. Ulisema kesi si yangu tena, ni ya serikali, na kwamba ushahidi unao."

Alikuwa amesema hivyo hasa, na kwa fahari. Mtu huyu hakuwa hodari wa uongo. Alihitaji tu polisi mwenye haraka, akampata. Pingu alizomvalisha Sidi zilikuwa za Ken, na Loise alikuwa mkono wa kuzifungia.

"Saa sita mchana uwe kituoni," alisema. "Utajibu kosa la kutoa habari za uongo kwa polisi. Ukiwa na wakili, njoo naye."

"Nitakuja." Ken alimtazama, na macho yake hayakuwa na ujeuri wowote. "Na wewe utakwenda kujibu wapi?"

Kadenge alikohoa, akatazama ua. Loise aligeuka akaenda zake.

*

Kortini haikuchukua muda. Mwendesha mashtaka aliomba faili lifungwe kwa kukosa ushahidi, na Loise alipanda akaomba kusema kwamba halikukosa ushahidi, bali ushahidi ulikuwepo tangu mwanzo na ulimtetea mshtakiwa. Hakimu alimwangalia juu ya miwani.

"Kosa hili lilitokana na nini, Inspekta?"

"Na mimi, mheshimiwa."

Iliandikwa. Watu kwenye viti vya nyuma walinong'ona. Sidi Thoya, mwanamke wa miaka hamsini na kitu, leso mbili na kandambili, alishuka kizimbani akishikilia ukuta, kwa kuwa siku sita za sakafu ya saruji hazimwachi mtu na miguu yake.

Loise alimfuata kwenye benchi la ukumbini. Alichuchumaa mbele yake ili wasitazamane kwa juu na chini.

"Mama, nimekuja kukuomba radhi. Mzee Fahmi alinena ukweli, nami sikumwelewa. Kadenge alielewa, nami nilikuwa nimemnyamazisha. Chirau angenieleza, nami sikumpigia. Nimekukosea mara tatu."

"Mara nne," alisema Sidi. Sauti ilikuwa kavu. "Nilikwambia mimi mwenyewe. Nilikwambia mzee alinipa bahasha imegundishwa, akasema siku ikifika nimpe Ken, nami nikampa Ken kama ilivyo. Ukaniuliza, nani atoaye bahasha asijue kilichomo?"

"Ndiyo. Nilisema hivyo."

"Basi mara nne."

"Mara nne, mama."

Sidi alinyoosha leso magotini. Loise alitoa wosia kwenye bahasha ya vielelezo, akampa kwa mikono miwili. "Huu ni wako sasa. Mtafute wakili auwasilishe mahakamani. Hatakusumbua mtu Ganjoni."

"Nisomee. Siku ile ulinionyesha sahihi tu, kwingine ukafunika kwa mkono."

Hilo Loise hakulitarajia. Alidhani mama anajua. Aliketi kando yake kwenye benchi, akasoma, na mara hii alisoma polepole.

"'Mimi, Jeremy Oloo, nina akili zangu zote. Nyumba yangu ya Ganjoni, vyumba viwili na jiko na vilivyomo, nampa Sidi Thoya. Sidi ni mke wangu. Sikumpeleka kanisani wala kwa mkuu wa wilaya, na kosa hilo ni langu, si lake. Mwanangu Ken nilimsomesha na ana kwake, namwomba asimsumbue.'"

Sidi alikuwa amefumba macho. Midomo yake ilikuwa inatembea, inarudia neno moja. Lilikuwa neno mke.

"Endelea," alisema. "Bado, sivyo?"

Ilibaki aya moja. Loise aliijua, alikuwa ameisoma mara nyingi akiitafutia makosa ya mwandiko. Kwa mara ya kwanza aliogopa karatasi.

"'Mimi nizikwe Mbaraki, si Ugenya. Watu wangu wanisamehe. Gari humtapisha Sidi, hata tuktuk. Nataka awe akitoka nyumbani anakuja kwangu kwa miguu.'"

Ukumbini waliitwa watu wa kesi nyingine. Wakasimama, wakaingia, mlango ukafungwa. Sidi aliichukua karatasi, akaikunja mara mbili, akaifunga kwenye pindo la leso na kukaza fundo kwa meno.

"Hiyo ya kaburi sikuijua," alisema.

"Nilidhani unajua, mama."

"Ugenya ni mbali?"

"Ni mbali."

"Mbali kama wapi? Kama Malindi?"

Loise alitamani aseme uongo, na uongo hakuwa nao tena. "Basi hutoka hapa jioni, mama, likafika kesho yake mchana."

Sidi alitikisa kichwa, pole pole, namna mtu anavyotikisa kichwa anapotajiwa bei asiyoiweza. Kisha akainuka, akashika ukuta, na Loise aliponyoosha mkono amsaidie, akausogeza kando bila hasira.

"Nitakwenda kwa miguu," alisema, akaelekea Ganjoni.